Sala Iliyokataa Kufungwa

Haya, wajukuu, nawategea kitendawili: kila alfajiri wanamkama, majani hawampi, na maziwa yakipungua husema ng'ombe ndiye mvivu. Mmeshindwa? Mbula aliyekuwa akiuza nyanya asingeshindwa. Ng'ombe huyo ni soko la Mkoko Mmoja, mji mdogo wa njia ya Msambweni. Mbula alilipa ushuru kila siku, na kila siku jua likampikia nyanya juu ya meza.

Baraza la mji liliwaahidi wachuuzi paa. Sasa wameitwa ukumbini kutoa maoni juu ya bajeti, na paa halimo. Mahali pake pamekaa geti kubwa la kukaribisha watalii.

"Mapato yameshuka," alisema Bwana Garama, mkuu wa fedha wa mji. "Hamlipi."

"Hatulipi?" Mbula aliruka. "Na huyu Kitsao anayetunyang'anya mizani tukichelewa kulipa, hukusanya nini? Makumbi ya nazi?"

Kitsao, mtoza ushuru, alicheka mlangoni. "Mama wa bara, ukichoka rudi kwenu."

"Nimemzika mume wangu Shimba Hills. Nirudi wapi, ewe usiye na haya?"

Garama akapiga meza. "Maoni yamekwisha, na bajeti imepita. Mzee Shutu alipofungua mkutano kwa dua, alimwomba Mola aibariki bajeti hii. Nyote mkaitikia amin."

Ni kweli, waliitikia. Nani asikie dua akae kimya?

"Wametunasa kwa midomo yetu wenyewe, dada," alinong'ona Mwanarusi, jirani yake wa sokoni.

Lakini mikutano ya huko ina desturi yake: Mwislamu hufungua, Mkristo hufunga, na usipofungwa kwa sala, mkutano haujaisha. Siku hiyo mchungaji hakufika. Garama akaangaza macho huku na huku.

"Mama Mbula, tufungie. Fupi!"

Mbula akasimama, akafumba macho. "Mungu wetu, libariki paa la soko."

"Amin!" ukumbi ukaitikia. "Amina!"

"Uwafunulie hawa kwamba mtalii hali geti, hula nyanya."

"Amin!"

"Imetosha, mama," alisema Garama.

Mbula hakufumbua macho. Akaiombea meza moja moja, akakiombea choo kisicho na mlango, akaziombea nyanya zilizooza na wenyewe waliozililia. Garama akachukua mkoba, akainuka.

"Unatoka watu wako katika sala?" Mzee Shutu alimkaripia, hasira za dua yake kutumiwa zikimpanda. "Keti!"

Akaketi. Shati likamganda mgongoni. Nje dereva wake akapiga honi, akachoka, akazima gari. Mbula alikuwa ndio kwanza anaingia kwa wauza ndizi.

"Haya!" Garama akafoka. "Paa lirudi, geti lingoje. Karani, andika! Sema amina, mwanamke!"

"Mungu amesikia," Mbula alijibu, macho yangali yamefumbwa. "Sisi wa nyuma ndio hatukusikia."

Garama akarudia, meno yamekazana, mpaka wa nyuma wakasikia.

"Amina," akasema Mbula.

Mlangoni Kitsao alimzibia njia. "Kesho naanza na mizani yako."

"Anza, baba. Tena uje na ngazi, uwapokeze mafundi mabati."