Waya Mmoja, Nyumba Nane

Siku hizi kila nyumba kule Iowa, Marekani, ina simu yake, na Hulda Brockmann, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, anaona huo ni uchoyo mtupu. Enzi zake waya ulikuwa mmoja kwa nyumba nane. Simu ikilia kwako, majirani nao wananyanyua zao taratibu, wanabana pumzi, wanafaidi umbea. Adabu ilikuwa moja tu: ukisikiliza, hufungui mdomo. Jamani, anaikumbuka raha ile mpaka moyo unamuuma.

Aliyetokewa puani na raha hiyo ni mama yake, Gesche. Wakati wa vita na Wajerumani, gavana alipiga marufuku lugha za kigeni, hata kwenye simu. Gesche, ambaye Kiingereza kilimpiga chenga maisha yake yote, akaongea na dada yake Kijerumani cha kwao. Mtu akasikia, akamshtaki. Wakamsimamisha mbele ya watu aombe radhi, mama wa watu, kama mwizi wa kuku. Marufuku ilikuja kufutwa, lakini Gesche hakuigusa simu tena. Ikilia, anapokea mumewe.

Majira ya baridi ya mwaka 1927, theluji iliziba njia zote. Hulda, aliyeolewa ng'ambo ya mto, alikuwa peke yake na mtoto wake wa kwanza. Mumewe alikuwa ametoka na farasi kumtafuta daktari. Kitoto kilikohoa kama mbwa anayebweka, kila pumzi kinaivuta kwa taabu. Hulda mwenyewe aliwahi kuugua hivyo utotoni, na mama yake ndiye aliyemponya. Akapiga simu kwao. Baba akasema mama hataki kushika hicho kitu. Hulda akalia, akambembeleza, mpaka akasikia pumzi nyingine kwenye waya.

"Mama, mtoto hapati hewa. Mimi ulinifanyia nini?"

Majirani walikuwa wakinyanyua simu zao, tik, tik, na Gesche alizisikia. Kiingereza cha kueleza hakuwa nacho, na lugha yake aliiogopa.

Ndipo akasema Bi Pruitt, jirani yake Gesche, mwanamke anayekaa naye benchi moja kanisani.

"Gesche, ongea. Ongea lugha yenu."

"Watanishtaki," Gesche akajibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Hakuna wa kukushtaki. Aliyekushtaki ile siku ni mimi. Zungumza na mwanao, mama. Naweka simu chini."

Akaweka. Wengine nao wakaweka, mmoja mmoja, na kwa kuwa simu nyingi zikinyanyuliwa pamoja zilidhoofisha sauti kwenye waya, kila aliyetoka aliiacha sauti ya Gesche ikizidi nguvu. Akafoka kwa Kijerumani: chemsha maji, mfunike blanketi avute mvuke, unasubiri nini wewe!

Hulda akafanya alivyoambiwa, simu wazi ukutani. Baadaye akarudi kusema mtoto amelala, anapumua vizuri. Gesche akamshukuru Mungu, kisha akaingia kwenye habari za shangazi, za kuku, za mchungaji mpya. Baba alisikika nyuma akiulizia chakula. Gesche akamwambia asimkatize, yuko kwenye simu.