Taja Kwanza, Ndipo Upige

Barua ilikaa wiki tatu mezani jikoni, chini ya kibakuli cha siagi, na kila asubuhi baba aliniuliza swali lile lile.

"Wiebke, mbona barua haijaenda?"

"Haina stempu, Baba."

"Kwani posta si wewe?"

Kweli, posta ni mimi. Mwaka wa kumi na tisa huu nasambaza barua katika vijiji kumi na kimoja vya nyika ya Lüneburg, huku Ujerumani, kwa mvua na kwa theluji, na sijawahi kuchelewesha barua ya mtu. Hiyo moja niliikalia. Ndani yake baba yangu, Hinnerk Brammer, alikuwa amewaandikia wenye ardhi kwamba mwisho wa Machi anarudisha msitu aliokodi kwa uwindaji miaka thelathini na minne, na kwamba bunduki zake ziko tayari kwa atakayezitaka. Mzee aliyezoea kunywa chai yake dunguni, juu ya jukwaa la kuvizia wanyama, kuliko nyumbani! Nilijua akishaachana na msitu ule hatamaliza mwaka mwingine, atakaa tu pale dirishani akihesabu magari.

Kwetu mwindaji hapigi asichokitaja. Kabla kidole hakijagusa bunduki, unataja kwa mdomo wako, hata kama uko peke yako: ni mnyama gani, dume au jike, wa umri gani, ana watoto au hana. Baba ndiye aliyenifundisha, na nilipokosea alinisema mpaka nikalia. Basi Agosti iliyopita, jioni, kando ya mahindi, alitaja yeye mwenyewe: nguruwe dume, mkubwa, yuko peke yake. Akapiga. Alipomfikia akakuta jike, matiti yamejaa maziwa, na ndani ya mahindi vitoto vinalia.

Sheria inakataza kumpiga mama anayenyonyesha, lakini sheria si kitu mbele ya aibu. Alimwekea kitawi cha mwaloni mdomoni, tonge la mwisho, kama desturi inavyotaka. Kile cha pili, ambacho mwindaji hujichomekea kwenye kofia kwa fahari, hakukikata. Kesho yake tulienda wote, na kwenye tope tukasoma nyayo za vitoto saba, mmoja wao akiburuta mguu wa nyuma wa kushoto. Jioni kumi na moja mfululizo baba aliwatafuta ili awapumzishe kwa risasi wasife kwa njaa. Hakuwaona. Akaitundika kofia nyuma ya mlango na hakuivaa tena.

"Macho yamekwisha, mwanangu," aliniambia. "Na wale watoto wamekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki."

Mimi si mtu wa kuambiwa hayazoleki nikakaa. Siku nilipopata mshahara wa Februari nilikwenda mjini kwa Dörthe, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, ambaye siku hizi anauza vifaa vya wawindaji katika duka lililokuwa bucha zamani. Nikamwambia nataka darubini ya joto, ile ya kushika mkononi, inayomwonyesha mnyama gizani kwa joto la mwili wake. Tena iwe ya bei nafuu.

"Nafuu kiasi gani?"

"Kiasi cha posta."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Akapanga tano mbele yangu. Ya kwanza bei yake ilikuwa sawa na gari langu, nikaisukuma pembeni hata bila kuigusa. Nikachukua ya bei ya chini kabisa, kwa sababu boksi lake liliandikwa kwa herufi kubwa: mita elfu moja na mia mbili.

"Hii hapa! Mita elfu moja na mia mbili, Dörthe, na bei ya bure!"

"Shoga, usinunue boksi," akasema. "Hizo mita ni za kuona kwamba *kuna kitu*. Kitu gani? Hapo mita mia hufiki. Wewe unataka kuona au unataka kutaja?"

Alikuwa amegusa penyewe. Akanieleza kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wanaume wanaojifanya wanajua: nukta za picha zikiwa chache, mnyama anakuwa uji wa mwanga, na picha zisipobadilika upesi ndani ya sekunde moja, mwendo wa mnyama unarukaruka na hujui anatembeaje. Halafu akanivuta mpaka kwenye chumba cha baridi cha bucha la zamani, akazima taa, akabandika kiganja ukutani kwa muda, akakiondoa.

"Tazama sasa."

Nikatazama kwa darubini nyingine, iliyotumika, kifuniko cha betri kimefungwa kwa plasta. Mtume! Mkono wa Dörthe ulikuwa bado ukutani, vidole vitano vyeupe vinawaka, na Dörthe mwenyewe amesimama kando akijipangusa kwenye aproni. Mkono ule ulififia taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka ukuta ukawa ukuta. Nywele zilinisimama, nakwambia, na sikuona haya.

"Hii ya plasta ilirudishwa na tajiri mmoja aliyetaka kubwa zaidi," Dörthe akasema. "Imezidi ile ya boksi kwa bei, lakini si sana. Chukua zote mbili leo Jumamosi, Jumatatu unirudishie moja."

Nyumbani nilimkuta baba akila sukuma wiki na soseji. Nikaziweka mezani, karibu na barua. Akaziangalia kana kwamba nimemletea vyura.

"Siendi kuwinda."

"Nani kasema kuwinda? Nina vitu vya watu, Jumatatu narudisha kimoja, sijui kipi kizuri. Nitachagua vibaya, nitapoteza hela."

Hapo nilimpata. Baba anaweza kuvumilia mengi, lakini si mtu kutupa hela. Akachukua ile ya boksi, akaielekeza dirishani kwenye uwanja, akakunja uso. "Hii imekufa. Naona kizee kimoja tu, kimekonda."

"Ni wewe huyo, Baba! Joto halipiti kwenye kioo. Unajiona mwenyewe."

Akaishusha, akaitazama, akaniangalia mimi. "Kweli nimekonda," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti nikamwona akitaka kucheka.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa juu ya dungu, kwenye ubao wetu uliotandikwa kipande cha zulia kuukuu, chupa ya chai katikati. Bunduki ilikuwa yangu, nimeilaza magotini. Mwenye shamba la majani chini yetu alikuwa ameshalalamika mara mbili kwamba nguruwe wanamfukulia. Theluji ilikuwa imebaki kwa mabaka tu, na ardhi imeganda. Giza lilipoingia nikafungua kidirisha cha mbao na kumpa baba ile ya boksi.

Akaizungusha polepole kufuata ukingo wa shamba. Nami nikaweka ile ya plasta jichoni. Mungu wangu! Shamba lile nimelipita maisha yangu yote nikidhani usiku ni tupu. Chini ya majani panya walikuwa wanakimbia, vinukta vidogo vya moto, kumi, ishirini. Sungura alikuwa amekaa wima, masikio yake yamekolea mwanga. Juu ya nguzo ya uzio bundi aligeuza kichwa, na nikauona uso wake mzima unang'aa. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na sikuwa nimewahi kujua kwamba tumezungukwa na uhai mwingi kiasi kile, kila mmoja na kijitaa chake, bila kelele.

"Baba, unaona?"

"Naona," akanong'ona. "Siku zote walikuwa hapa?"

"Siku zote."

Kisha nikamsikia akivuta pumzi ghafla. Alikuwa ameelekeza upande wa misonobari michanga, mita mia na hamsini hivi. "Kuna nguruwe. Amelala ukingoni." Halafu mazoea ya miaka hamsini yakamtoka mdomoni yenyewe: "Dume. Mkubwa. Yuko peke yake."

Maneno yale yale ya Agosti. Aliyasikia alipokwisha kuyasema, akaishusha darubini mpaka ikagonga mbao.

"Umesikia?" akaniambia. "Nimerudia yale yale. Tushuke, Wiebke. Nipeleke nyumbani."

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kulia na nilitaka kumkaripia, vyote kwa pamoja, nami nikachagua kumkaripia, maana hilo ndilo ninaloliweza. "Hashuki mtu hapa! Umetaja kwa kitu kibovu. Shika hii. Taja tena."

"Mwanangu..."

"Taja tena, Baba!"

Akaipokea ile ya plasta kama mtu anayepokea dawa chungu. Akaiweka jichoni, akazungusha pete ya mbele polepole. Chai ilipoa kikombeni mwangu.

"Si mmoja," akasema.

"Wangapi?"

"Subiri. Wamelala wamelaliana." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mwalimu wangu. "Mmoja anainuka. Wa pili huyo. Wote wadogo, Wiebke, wa umri mmoja. Watatu. Wanne. Anajinyoosha huyo, mvivu wee. Watano. Sita."

Mimi nilikuwa nimeinyakua ile ya boksi, nikaona bonge la mwanga likimegeka vipande, vikirukaruka. Sikuelewa kitu.

"Mama yao yuko wapi?" nikauliza.

"Hayupo. Natafuta, hayupo." Akazungusha pete tena. "Kuna mmoja kabaki chini. Wenzake hawaondoki. Wamesimama, wanamngoja. Haya, anainuka sasa. Anatembea..."

Hakumaliza. Alinishika goti kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Mguu," akasema. "Wa nyuma. Wa kushoto."

Nikamnyang'anya darubini, Mungu anisamehe, nilimnyang'anya baba yangu mzazi. Nikamwona. Wa saba alikuwa anakuja nyuma ya wenzake, mwepesi kabisa, na kila hatua ya tatu mguu ule uliburutika juu ya majani yaliyoganda. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota mpaka zizini. Huyu zizi hakuwa nalo, alikuwa na ndugu sita, na hao walikuwa wamemvusha vuli na baridi yote bila mama. Saba walioacha nyayo topeni, na saba hawa hapa, wazima, pumzi zao zinawaka.

Wakaingia shambani, wakaanza kufukua, wakazidi kusogea mpaka wakawa mita sabini. Sasa baba alikuwa ameichukua tena darubini, na machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye mashavu bila kuyafuta. Mimi nikakumbuka bunduki magotini. Nguruwe wasiofikisha mwaka wanaruhusiwa, tena ndio hasa tunaotakiwa kuwapiga, na mwenye shamba atauliza.

"Baba," nikanong'ona. "Wanaruhusiwa. Nipige?"

"Taja kwanza."

"Nguruwe," nikasema. "Hawajafika mwaka. Saba. Hawana..." Nikawatazama tena, mmoja mmoja. "Hawana mama."

Nikatoa risasi kwenye bunduki, nikaziweka mfukoni, moja baada ya nyingine.

Upepo ulipogeuka walitunusa, wakaondoka kwa pamoja kuingia msituni, yule wa mguu katikati yao. Tulishuka. Baba alinitangulia, mzee wa miaka sabini na minne anayelalamikia ngazi za kanisani, akavuka shamba gizani bila tochi mpaka kwenye misonobari. Walipokuwa wamelala, majani makavu yalikuwa yamesokotwa kama kiota. Kwa macho yangu sikuona kitu. Niliweka darubini jichoni, na ardhi ilikuwa bado inawaka, doa moja pana la joto lao.

Baba akavua glavu, akapiga magoti, akaweka kiganja katikati. Akakaa hivyo kwa muda, midomo ikitembea. Sijui alisema nini, wala sikumuuliza. Alipouondoa mkono, doa la nguruwe lilikuwa limeshaanza kufifia, lakini kiganja chake kilikuwa kimebaki pale katikati yao, vidole vitano vyeupe, vinang'aa kuliko kitu chochote msituni. Nilikitazama mpaka kidole cha mwisho kikazimika.

Tukarudi polepole. Kwenye uzio akavunja kitawi cha mwaloni, akapapasa kichwani, akakumbuka kwamba kofia aliiacha nyumbani nyuma ya mlango, akakitia mfukoni.

"Ile ya boksi mrudishie Dörthe," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na yule mwenye shamba nitaongea naye mimi. Mwakani walio majike kati yao watakuwa mama, itabidi tuwe makini sana."

"Ndiyo, Baba."

Tulikuwa tumefika kwenye gari. Nilifungua mlango, akakaa, akajifunga mkanda, akatazama mbele.

"Stempu umeshanunua?"

"Bado."

"Usinunue."