Kopo la Leonidas

Msinicheke. Miaka mitatu nimeandika mvua ya mahali nisipokanyaga.

Mimi ni Leah, msomaji wa kipimamvua cha Kinyangiri. Kila siku saa tatu asubuhi namimina maji ya kopo kwenye bilauri yenye mistari, naandika milimita kwenye kadi, na mwisho wa mwezi kadi inapanda basi kwenda kwa bwana maji. Kilimani, mwendo wa saa mbili, kuna kipimamvua cha Leonidas, mchumba wangu. Mwaka tisini na tatu, madini yalipokuwa ya kila mwenye sururu, alikwenda kuchimba Mererani. "Nitunzie kituo, nitarudi na mahari," aliniambia. Nikamtunzia, haki ya Mungu. Kwa kuwa saa tatu siwezi kuwa mahali pawili, nilichukua namba yangu, nikapunguza kidogo, nikajaza kadi yake. Wakijua hayupo watamfuta, na mtu aliyefutwa anarudi kufanya nini?

Juzi bwana maji, Anselm, alikuja na ramani. Serikali inabana matumizi: vituo viwili vikisema neno moja, kimoja kinang'olewa.

"Chako na cha Leonidas ni pacha," alisema. "Cha kilimani kinatoka leo."

Jamani! Mtu yeyote wa huku anajua mvua yetu inalowesha shamba lako ikaruka la jirani. Hao pacha nimewazaa mimi, kwa kalamu.

Tukapanda. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeandika sifuri kadi zote mbili. Kufika, tope la mvua ya usiku hadi vifundoni. Anselm akafungua kopo. Lilikuwa limejaa, maji yakammwagikia mikononi. Akaomba kadi ya kilimani. Nikaitoa mkobani mwangu.

"Dada Leah, Leonidas yuko wapi?"

Siku zote nilijibu yuko shambani, yuko msibani, anaumwa. Safari hii ulimi uligoma kudanganya.

"Ameondoka. Mwaka wa tatu huu. Hata barua hajaandika."

Nikalia palepale, wala sikuona haya. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti.

Anselm akarudisha kopo mahali pake. Akasema kituo kitabaki, maana kumbe mvua ya pale ni ya pale tu. "Ila nataka msomaji anayeishi hapa."

Nikamtaja Mama Eliana, jirani wa Leonidas. Akafungua daftari lake, akatoa kalamu.

Nikamwomba akate jina la Leonidas kwa mstari mwembamba, liendelee kusomeka.