Pilau Iliyoivia Njiani

Mama mkwe akija Nairobi siku ya mvua, usimkalishe chumbani. Ataonja chai yako, atakagua pembe za ukuta, na ikifika adhuhuri ameshapata la kusema. Mtoe. Mpeleke Soko la Jiji akaangalie maua na samaki chini ya paa lisilovuja, umpitishe na makumbusho, umrudishe amechoka. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini Jumamosi ile ya masika, mwaka wa sabini na tatu, Bi Khamisa, mamake mume wangu Twahir, aliposhuka treni ya Mombasa, mimi nilikuwa na hitima ya kulisha huko Lavington.

Tulikaa ghorofani, nyuma ya River Road. Twahir alikuwa karani katika duka la vyuma, nami nikiwapikia wenye maduka chakula cha mchana. Bi Khamisa alikuja na neno moja tu: turudi kwao. Nairobi baridi, Nairobi matope, Nairobi mkewe Twahir anapikia wanaume wa watu. Na Twahir wangu, Mungu amlinde, mbele ya mamake hana mfupa.

Mimi sikutaka kuondoka. Mombasa nilikuwa mke wa Twahir, basi. Hapa nikichelewa kidogo mchana, mtaa mzima unauliza, "Saleha yuko wapi?"

Asubuhi hiyo alinikuta jikoni nikizungushia kifuniko cha sufuria unga uliokandwa.

"Wafanyani?"

"Naufunga wali, mama. Utamalizikia kuiva njiani."

"Wali hausafiri, mwanangu. Pilau huliwa pale pale iliposhuka jikoni." Akanitazama, akamtazama na mwanawe aliyesimama mlangoni. "Basi na tuwekeane agano. Ikifika imepoa, au imekuwa uji, Jumatatu twapanda treni sote watatu."

Twahir akaitikia kwa kichwa. Nilitamani kumpiga mwiko.

Ujanja wangu nautoa bure, atakaye na auchukue. Nyama ifuate sokoni mapema, kabla wenye hoteli hawajaondoka na mapaja, na usimwonyeshe mwuzaji kwamba una haraka. Pilau iepue punje ingali na kiini, supu haijakauka yote. Ziba kifuniko kwa unga, usiache hata tundu la sindano. Kisha sufuria itie katika kapu lililoshindiliwa maranda ya seremala, juu ufunike blanketi. Joto likose pa kutokea.

Makapu yetu mawili yalipakiwa katika kombi ya Were, kijana wa Busia aliyezoea kubeba sukumawiki kutoka Waithaka. Twahir akakaa mbele, sisi wanawake nyuma na makapu. Bi Khamisa nilimwachia dirisha. Kama mvua ilimnyima matembezi, basi na atembee na pilau. Nikamwonyesha makuba ya msikiti wa Jamia yakichuruzika maji, nikamwonyesha Uhuru Park.

"Bustani yote hii, hamna hata mtu?"

"Kuna mvua, mama."

Akaguna. Lakini kila kioo kilipoingia ukungu alikifuta kwa ncha ya buibui, shingo imemtoka nje kama kasa. Alikuwa anafurahi, ila asingelisema hata kwa kiboko.

Tulipoteremka bonde la mwisho kabla ya Lavington, maji yalikuwa yamefunika barabara. Kombi ikakohoa, ikanyamaza. Were akashuka, akazunguka nyuma kwenye injini.

"Imezima, mama. Maji imeingia kwa plagi. Wacha nipanguze, itashika tu."

Tukangoja. Mvua ikapiga bati. Kule Lavington kisomo kilikuwa kinakaribia mwisho. Bi Khamisa akainamia kapu, akanusa, akanusa tena.

"Hainuki. Pilau ya moto huita watu toka mtaa wa pili. Hii imekufa zamani." Akachomoa pini ya nywele, akafunua blanketi. "Hebu niubandue huu unga nione."

Unga ukibanduliwa pale, mvuke wote umekwenda, na Mombasa yaniita. Sikufikiri. Nikalirudisha blanketi, nikalikalia kapu.

"Saleha! Chakula hukaliwa?"

"Leo kinakaliwa, mama."

Alishika kinywa. Mimi nilitarajia kuhisi joto chini yangu, nisihisi kitu. Hofu ikanishika. Je, kama amesema kweli? Ndipo Twahir akageuka kule mbele, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mwache." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile.

Kombi ikashika. Tulipofika kwa Mohdhar, mwenye hitima, watu walikuwa wanaitikia dua ya mwisho. Bi Khamisa akatangulia ndani kwa wanawake, na mpaka tunashusha makapu ameshamweleza mke wa Mohdhar kwamba Jumatatu twahama. Nilimsikia. Nikachukua kisu, nikaukata unga.

Mvuke ulinipiga usoni nikarudi nyuma. Hiliki, mdalasini na mchuzi wa nyama vikajaa jikoni, vikatoka ukumbini. Kila punje imesimama peke yake. Na niseme kweli: tungelifika kwa wakati, watu wangelitafuna mchele. Maji ya bonde lile ndiyo yaliyonimalizia kazi.

Sinia zikatoka. Bi Khamisa alikaa upande wangu, akala, akala hata mkono ukavuka upande wake wa sinia ukaingia kwangu. Nikamsogezea nyama.

"Saleha," akaita mke wa Mohdhar, "nilitaka utupikie arusi ya binti yetu mwezi wa sita. Lakini mama mkwe wako asema mwarudi Mombasa."

Nilifungua kinywa. Bi Khamisa akameza tonge upesi, akaniwahi.

"Mimi ndiye nirudiye," akasema. "Mkaza mwanangu ana kazi yake hapa. Na mwezi wa sita ni karibu, mwambieni leo idadi ya watu, msimletee mambo ya kushtukizana."

Nikacheka mbele ya wanawake wote, mkono mmoja ungali katika sinia.