Swichi ya Shangazi Wadad

Fyuzi za pili zililipuka siku ya Jumatano, saa nne na dakika nne asubuhi, mbele ya madiwani watatu, padri mmoja, na Baba Nimr aliyekuja na kiti chake mwenyewe ili aone vizuri. Mji wa Deir Summaq ulikuwa umepata umeme kwa dakika nne kamili. Halafu ukasikika mlipuko, moshi mwembamba ukapanda juu ya transfoma mpya, na kule bondeni jenereta za Baba Nimr zikaanza tena kunguruma.

Rudaina Saqr, mhandisi, hakulia. Alivua kofia yake ngumu akalitazama boksi lililobaki. Lilikuwa na fyuzi tatu, nazo ndizo seti ya mwisho. Zilikuja seti tatu kwa meli, mbili zimeshakwenda, na nyingine hazikupatikana Beirut wala popote nchini, maana waagizaji walifunga maduka tangu lira ilipoporomoka na benki kuwakalia watu pesa zao. Jumamosi halmashauri ya mji ingekutana. Kama mtandao mpya wa umeme haujasimama siku hiyo, paneli za jua zilizojaa kilimani zingeuzwa pamoja na betri zake kwa hoteli moja ya pwani, na Baba Nimr angepewa miaka mitano mingine ya kuwauzia watu umeme wa dizeli kwa saa azitakazo yeye.

"Bi Mhandisi," Baba Nimr alisema huku akikunja kiti chake, "la kuvunda halina ubani. Rudi Doha, mwanangu. Kule kuna viyoyozi."

Madiwani waliangalia viatu vyao. Hilo ndilo lililomchoma Rudaina kuliko yale maneno yenyewe. Miaka miwili alikuwa amekesha na mji huu. Aliacha kazi nzuri, akaandika barua kwa kila mwana wa Deir Summaq aliyeko São Paulo na Abidjan, akachangiwa. Alibadilisha nyaya zote kuukuu zilizokuwa zimesokotana juu ya vichochoro mpaka ndege walikuwa hawajui pa kupita. Aliyempandia nguzo ni Mzee Melhem, fundi wa laini mwenye miaka sabini na mmoja, ambaye pensheni yake siku hizi hununua trei moja ya mayai, naye bado hupanda akiimba kwa sauti mbaya.

Mzee Melhem ndiye aliyeteremka sasa na kuzinusa zile fyuzi zilizoungua, maana yeye hunusa kwanza ndipo apime.

"Nguzo hazina kosa," alisema. "Transfoma haina kosa. Na wewe huna kosa, usijipige kifua. Nenda nyumbani kwa shangazi yako ukaangalie ukuta wa jikoni."

"Nimewagawia watu karatasi, Mzee. Kila nyumba. Nimeandika kwa herufi kubwa: zimeni hita."

"Karatasi," alisema Melhem, akaanza kufungasha vifaa vyake.

Kila nyumba ya Deir Summaq ina swichi ya hita ya maji ukutani, karibu na mlango wa jikoni, na kwenye swichi hiyo pana kitaa kidogo chekundu. Umeme wa serikali huja utakavyo, saa moja leo, nusu saa kesho, na keshokutwa usije kabisa. Jenereta ya Baba Nimr haiwezi hita. Ukijaribu kuiwasha, inakukatia. Kwa hiyo watu wa mji ule walijifunza kuotea. Swichi ya hita huachwa imewashwa mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, ili umeme wa serikali ukipita tu, hata kama wenyewe wamelala au wako shambani, maji yadake moto wake. Kitaa chekundu kikiwaka, utasikia kelele roshani hadi roshani: umekuja, umekuja! Hapo mwenye nguo huzitupa kwenye mashine, mwenye pasi huikamata, na mwenye watoto huwavua nguo kwa ajili ya kuoga.

Sasa fikiria hita mia tisa zenye maji baridi ya mlimani, zote zinanyonya kwa mpigo mmoja. Hakuna transfoma duniani ya ukubwa ule ingestahimili. Rudaina aliyajua hayo tangu mwanzo, ndiyo maana akachapisha karatasi. Asichokijua ni kwamba kila aliyeisoma alisema moyoni: vizuri, wenzangu watazima, basi yangu moja haitadhuru.

Alimkuta Shangazi Wadad jikoni akichambua majani ya kotimiri. Wadad ndiye aliyemlea Rudaina tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyeuza bangili zake mbili ili msichana asome uhandisi. Rudaina hakusalimu. Alipita moja kwa moja hadi ukutani.

Swichi ilikuwa imewashwa.

"Shangazi," alisema. "Hata wewe?"

Wadad aliweka kisu chini. Alifungua kinywa kukana, akaona haina maana, akakaa.

"Nilizima taa zote," alisema. "Nilizima na redio. Hii mkono ulikataa."

"Umenilipulia fyuzi."

"Nisikilize kwanza. Wewe ulizaliwa Januari, theluji imefika magotini, wiki nzima hakuna umeme. Mama yako alitaka kuizima swichi hii, akasema ya nini kuiacha bure. Nikamkatalia. Alfajiri ile ile umeme ukaja dakika arobaini, nasi tumelala fofofo. Maji uliyoogeshwa mara ya kwanza maishani yalitoka hapa. Tangu siku hiyo haijazimwa, mwanangu. Miaka thelathini na minne. Kuizima ni kama kusema umeme hautakuja tena."

Rudaina alikaa kwenye kiti cha pili. Hasira zilimwishia zote akabaki na uchovu tu. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mji huu umeumwa mara nyingi mno, na kila aliyeuuma alikuwa amevaa tai na kuahidi mwanga. Kwa nini wamwamini yeye na karatasi zake?

Wadad alitengeneza kahawa yenye iliki kwa sababu hakujua la kufanya lingine, na alipokuwa akiimimina, mkono wake ukasita hewani.

"Hivi," aliuliza polepole, "ukienda kunywa kahawa kwa mtu, unaweza kugusa swichi yake?"

"Nani atagusa swichi ya mwenzake? Ni utovu wa adabu."

"Na mwenye nyumba akiwa hayupo, akiwa yuko kwangu nami nimekaa kwake?"

Rudaina alimtazama. Kisha akaanza kucheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumapili fyuzi za kwanza zilipolipuka.

Wanawake wa Deir Summaq hunywa kahawa ya asubuhi pamoja, saa nne, wakizungushana nyumba kwa nyumba. Vita havikuikomesha desturi hiyo, wala kuporomoka kwa lira. Kahawa ilipopanda bei walichanganya dengu za kukaanga wakaendelea. Alhamisi nzima Wadad alipanda na kushuka ngazi za mji, akiwa na magoti yake mabovu, akiwapa zamu. Ijumaa saa nne hakuna mwanamke atakayekuwa kwake. Kila mmoja atazima hita yake, amwachie jirani nyumba, aende akanywe kahawa katika nyumba ya tatu, na kila mmoja atakaa akitazamana na swichi isiyo yake. Vitaa vyekundu visivyo na mwenyewe, alisema Mama Elias akicheka, tutavilinda kama mayai. Waume wakaambiwa waende uwanjani wakacheze karata. Kisha kengele ya kanisa ingelia kila nusu saa, na kila ikilia wageni wa mtaa mmoja tu wangewasha, kwa ruhusa ya wenye nyumba: mtaa wa juu kwanza, na wa mwisho wa sita uwe mtaa wa bondeni. Hiyo ndiyo hesabu Rudaina aliyoifanya mezani usiku kucha. Hita zikishapasha maji hupumzika zenyewe, na mtaa unaofuata hupata nafasi.

Ilibaki nyumba moja. Baba Nimr alikuwa na hita tatu kwake, na mtaa wa bondeni ulijaa ndugu zake na vijana wake wa kazi, nyumba mia moja na sitini, na wote humtazama yeye usoni kabla ya kuamua kama leo ni Ijumaa. Akiwasha yeye, wangewasha wote.

"Nani atakwenda kukaa kwake?" Rudaina aliuliza.

Shangazi Wadad hakuwa amemsemesha Baba Nimr kwa miaka tisa. Mwanamume huyo alipoleta jenereta yake ya kwanza aliiweka chini ya roshani ya Wadad, na moshi wake ukayachafua mashuka ya harusi ya bintiye wa mwisho yakiwa kambani. Mji mzima uliijua habari ya mashuka yale.

"Nipakulie vile vibiskuti vya tende," alisema Wadad.

Ijumaa ilikucha na baridi kali na mbingu safi. Rudaina alisimama kando ya transfoma na Mzee Melhem, fyuzi za mwisho zimeshafungwa, mkono wake ukiwa kwenye mpini. Madiwani walikuja wawili. Yule wa tatu alisema anaumwa. Kutoka pale aliiona nyumba ya Baba Nimr ng'ambo ya uwanja, na akamwona shangazi yake, amevaa koti lake la kanisani na sahani mkononi, akipanda zile ngazi polepole, akipumzika kila baada ya ngazi nne. Mlango ulifunguliwa. Alisimama pale kwa muda uliomchosha Rudaina kumtazama. Kisha akaingia.

Yaliyotokea ndani aliyasimulia Mama Nimr baadaye, na bado anayasimulia. Baba Nimr alikuwa amekaa jikoni, swichi zake tatu zikiwa zimewashwa zote, akisubiri. Wadad alimsalimu, akavuta kiti, akakaa chini ya swichi hasa.

"Nimekuja kunywa kahawa," alisema.

Mtu anaweza kuwa na jenereta sita na roho ya chuma, lakini mgeni akija nyumbani kwako saa ya kahawa humfukuzi, hasa mwanamke mzee aliyekuwa rafiki wa mama yako. Baba Nimr aliagiza kahawa. Wadad aliishika bila kuinywa, na kila mtu anajua maana ya mgeni kushika kikombe na kukataa kukinywa: ana haja, na hatakunywa mpaka apewe.

"Sema haja yako," alisema Baba Nimr, ambaye shingo ilikuwa imeanza kumwiva.

"Mama yako alikufa katika chumba kile," alisema Wadad, akionyesha kwa kidevu. "Nilikuwepo. Nilimpepea kwa gazeti tangu asubuhi mpaka alipokata roho, kwa sababu feni haikuwa na umeme. Ndiyo maana ukanunua jenereta ya kwanza, wala sikukulaumu siku hiyo. Nilikulaumu kwa mashuka tu. Sasa zima hizi, mwanangu, kahawa inapoa."

Mama Nimr anasema mumewe aliutazama mlango wa chumba kile. Kisha akanyanyuka, akazizima moja baada ya nyingine, akatoka roshanini na kuwapigia kelele ndugu zake mtaa mzima kwamba atakayewasha kabla ya kengele ya sita, yeye mwenyewe atakwenda kumkata mkono. Wadad akanywa kahawa.

Rudaina, ng'ambo ya uwanja, alizisikia kelele zile asizielewe, akadhani ndiyo balaa lenyewe. Melhem alisema, "Vuta." Alivuta mpini.

Dakika ya kwanza ilipita. Ya nne ikapita, ile iliyowaua Jumatano. Sindano ya kipimo ilipanda mtaa wa juu ulipowasha, ikatulia, ikaanza kushuka. Kengele ya pili ikalia. Ya tatu. Mji mzima ulikuwa kwenye nyumba za watu ukitazama kuta za watu. Kengele ya sita ilipolia, mtaa wa bondeni ukawasha, sindano ikapanda hadi karibu na mstari mwekundu, ikatetemeka pale kwa muda ambao Mzee Melhem aliutumia kuwaita watakatifu wote kwa majina, na kisha ikarudi chini. Melhem alikaa juu ya boksi tupu la fyuzi akafunika uso kwa mikono. Alikuwa analia, na hakuona haya.

Hapo ndipo jambo geni lilipotokea. Saa saba ikapita, saa nane, na umeme haukukatika. Watu walirudi makwao wakasimama tu vyumbani. Nguo zilishafuliwa zote. Watoto walishaoga, wengine mara mbili. Mama Elias alipiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo, kisha akatoka roshanini kumuuliza jirani yake sasa wafanye nini. Jenereta za Baba Nimr zilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka watu wa mtaa wa juu walisikia maji ya chemchemi yakiteremka bondeni. Diwani aliyesema anaumwa alikuja mbio akitaka apigwe picha na transfoma.

Rudaina alifika nyumbani saa tisa, miguu ikimuuma. Shangazi Wadad alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa jikoni, koti lake bado mwilini, akiangalia kitaa chekundu.

"Maji yameshapata moto," alisema. "Yanaunguza. Nimeyagusa mara tatu."

"Basi yametosha, shangazi."

"Na kesho?"

"Kesho utawasha tena ukitaka kuoga."

Wadad aliinua mkono, akaushusha, akaupangusa kwenye koti. Kisha akaibonyeza swichi, kwa kidole kimoja, na kitaa chekundu kikazimika. Alisubiri kidogo. Juu ya vichwa vyao taa ya jikoni iliendelea kuwaka. Aliitazama, akamtazama Rudaina, akavua koti.

"Nenda kaoge, mhandisi wangu," alisema. "Unanuka mafuta ya transfoma."