Jeli ya Mkono wa Kushoto

Daktari Whitlow aligeuza kompyuta yake kama mwendesha mashtaka anayeonyesha kisu chenye damu.

"Homoni kwenye damu ni elfu nne, Fuatino. Tulikubaliana isizidi mia tano."

Miezi saba ya homoni, matiti yangu ndiyo kwanza yameanza kusalimiana na fulana, na mtu huyu alitaka kunikatia dawa.

"Unameza vidonge vya mtaani?"

"Hapana."

"Mnagawiana, ninyi kwa ninyi?"

Ninyi kwa ninyi! Nadhani alikuwa na orodha yetu kwenye droo: fa'afafine wote wa mji wa Logan, sisi Wasamoa tuliozaliwa wavulana tukaishi kike, tumepangwa kwa urefu wa kucha.

"Nasimamisha miezi mitatu. Kwa usalama wako."

Miezi mitatu. Mwili ungenirudisha nilikotoka bila hata kuniuliza nauli.

Shangazi Sieni aliacha kutafuna keki. Alikuwemo, ndiyo; Msamoa haendi kwa daktari peke yake kama yatima.

"We daktari, damu mlimtoa mkono gani?"

"Mama, hilo halihusiani na—"

"Sijakuuliza kama linahusiana."

Daktari akachungulia kompyuta. "Kushoto."

Shangazi akacheka mpaka kiti kikalia. Nyumbani kwetu hakuna anayejipaka mwenyewe. Yeye ndiye mkandaji, uwe mtoto mwenye mafua au mimi na jeli yangu ya homoni. Kila asubuhi hunikamata, husali, kisha husugua mkono wa kushoto, maana wa kulia nashikia kikombe.

"Siku ile nilimpaka vizuri, asije kwenu amepauka. Saa moja baadaye mkamchoma palepale. Sasa baba, ulipima damu au ulipima jeli?"

Uso wa daktari ukawa rangi ya nyama ya kopo.

"Kuna karatasi inayoeleza kwamba asubuhi ya kipimo mtu asipake..."

"Ulimpa?"

Akafungua droo. Karatasi zilikuwamo zote, bado zimefungwa mpira.

Wakanichoma upya wiki iliyofuata, mkono wa kulia, bila jeli. Mia nne na themanini.

"Habari njema," alisema daktari, akiniandikia dawa ileile, dozi ileile. "Tumegundua tatizo lilikuwa wapi."

"Tumegundua," alisema Shangazi, akinigeukia. "Yeye na nani?"

Akachukua mezani moja ya zile karatasi za maelezo, akamwekea daktari mbele.

"Isome, mwanangu. Taratibu. Tunakusubiri."