Roho ya Tatu Kwenye Hati

Keturah Pruitt alikaa ndani ya mkokoteni nje ya nyumba ya mahakama, amejifunika blanketi mbili ingawa jua la Aprili lilikuwa limeshapanda, na kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu: asikohoe.

Kifua kilimkamata tangu Krismasi. Na kifua hicho hakikuwa chake peke yake. Shamba walilolima yeye na mwanawe Enos lilikuwa la Bwana Harcourt, na hati yake ilikuwa ya roho tatu, kama hati nyingi za Virginia siku zile. Watu watatu huandikwa majina, na maadamu mmoja wao anapumua, shamba ni lenu, hakuna wa kuwatoa. Wa tatu akifa, mwenye ardhi huchukua ardhi yake na nyumba iliyo juu yake. Roho ya kwanza ilikuwa mumewe Keturah, homa ilimchukua. Ya pili ilikuwa mwanawe mkubwa, aliyefia vitani walipokuwa wakimfukuza mfalme wa Uingereza. Ya tatu ni yeye, bibi wa miaka sabini na miwili.

Siku tatu kabla ya hapo Bwana Harcourt alifika kwao kwa farasi. Walipomwona anakuja, Enos na mkewe walimficha mama chumba cha nyuma, wakamwekea mto mdomoni, bwana asije akasikia kikohozi. Keturah akasikiliza ukutani. Harcourt alikuwa anagombea bunge la jimbo. Akamsifia Enos mtoto wake mdogo, Asa, akasema jina la mtoto kama huyo lingekaa vizuri kwenye hati, awe roho ya nne. Wangeliandika wiki ijayo, uchaguzi ukishapita. Mwenye masikio hahitaji kengele.

Aliyegombea dhidi yake ni Micajah Dowd, mhunzi. Harcourt alitaka sheria ya kumruhusu azibe mto kwa ajili ya kinu chake cha maji. Dowd akasema mto ukizibwa, samaki wanaopanda kutoka baharini kila machipuko hawatafika juu, na kwa watu wa juu hicho ndicho chakula chao, pipa la nyama likishabakia chumvi tu. Enos alikwisha kumshika Dowd mkono, akamwahidi kura yake.

Kule aliyepiga kura ni mwanamume mwenye ardhi tu, na Enos alihesabiwa kuwa nayo maadamu roho ya tatu ingali hai. Na kura zenyewe hazikuwa za karatasi. Mtu huingia akasimama mbele ya meza ya msimamizi, wagombea wenyewe wameketi wanamtazama usoni, naye hutaja kwa sauti jina la amtakaye. Karani huandika. Aliyetajwa huinuka, akainama, akashukuru. Asiyetajwa naye anasikia.

Keturah alikataa kubaki nyumbani, na asubuhi njiani Enos alimwuliza afanye nini. Ulimi wa Keturah ulitaka kusema, taja Harcourt, mwanangu, tulale. Akaumeza.

"Mdomo ni wako," akasema. "Mimi nimebeba pumzi tu."

Sasa dirisha la mahakama lilikuwa wazi, na majina yalikuwa yakitoka moja moja. Uwanjani watumwa wa Harcourt walikuwa wakishusha mapipa ya pombe ya bwana wao kwa wapiga kura. Wao hakuna aliyewauliza wamtaka nani, kama vile Keturah naye hajaulizwa maisha yake yote. Kisha akasikia jina la mwanawe likiitwa. Akashika ubao wa mkokoteni.

"Micajah Dowd," ilisema sauti ya Enos, nyembamba, kama ya mtu anayeingia maji baridi.

Dowd akashukuru. Halafu ikaja sauti ya Harcourt, ya polepole, wala haina hasira.

"Nauliza tu, msimamizi. Kura ya kijana huyu inasimama juu ya roho ya mama yake. Nasikia mama alizikwa Januari. Mimi mwenyewe nilifika kwao majuzi, sikumwona."

Keturah akajifunua blanketi. Walimficha ili aonekane mzima, na sasa kule kujificha kumekuwa kaburi lake.

Enos akatoka mbio, uso mweupe kama unga. Ngazi zilikuwa saba, za mawe. Keturah akazitazama, akajua kwamba akianguka pale, kura, nyumba na kitanda cha Asa vitaanguka naye.

Wanywaji wakapisha njia.

"Bibi Pruitt! Sisi tulishamaliza matanga yako."

"Usimguse, huo mzuka. Enos kaufukua leo asubuhi."

"Mzuka haukanyagi mtu, kijana," akasema Keturah. "Ondoa mguu wako nipite."

Wakacheka, na kicheko kile kikamsukuma ngazi mbili. Nyingine alipanda kwa bega la mwanawe. Ndani, kikohozi kilikuwa kimefika kooni kama paka anayetaka kutoka guniani.

"Jina lako?" akauliza msimamizi.

"Keturah Pruitt. Roho ya tatu. Niko hai."

Karani akachovya kalamu. Kura ikakaa.

Jua lilipoinama mlango ukafungwa, na Dowd alikuwa amempita Harcourt kwa kura mbili. Watu wakambeba mhunzi mabegani. Harcourt yeye akaja hadi kwenye mkokoteni, akavua kofia.

"Jitunze, mama," akasema kwa upole. "Nitakuwa nikipita kukujulia hali. Kila wiki."

"Na Asa, bwana?" akauliza Enos. "Jina lake kwenye hati?"

"Asa yupi?" akasema Harcourt, akapanda farasi wake.

Njia yake na yao ilikuwa moja. Akawafuata nyuma kwa mwendo wa polepole, kwato zikigonga mawe, wala hakutaka kuwapita. Keturah akafunga mdomo kwa blanketi. Kikohozi kilimtikisa mabega, machozi yakamtoka, lakini sauti haikutoka. Uzio wa Harcourt, ambapo angeachana nao, ulikuwa bado maili mbili mbele.

"Mama," akanong'ona Enos bila kugeuka, "unapumua?"

Keturah akamgusa mgongo kwa kidole kimoja, ili aendelee kuendesha.